Mume Wangu wa Kreta

Jumanne, 3 Julai 2007

Madaftari ya darasa la tano bado nusu. Baridi imeingia hadi kwenye mifupa, ukungu haukuondoka kutwa nzima. Nimepika makande. Nimewasha televisheni mapema ili Mama Jeni akija akute tayari. Kila jioni jirani huyu anakuja na kigoda chake mwenyewe, kana kwamba viti vyangu vina miba. Tunatazama tamthilia ya kwenye kebo, ile ya dada wawili wanaomgombea daktari. Tunawasema wote watatu mpaka tunaridhika. Ndiyo starehe yangu, sina nyingine.

Baba Doreen yuko nyumbani tangu jana, kati ya safari na safari za kutembeza watalii. Alikaa kwenye kochi la pembeni na soksi zake, kimya kama kawaida. Tamthilia ilipokwisha akasema, bila kunitazama, kwamba keshokutwa anakuja fundi kutoka Arusha na kebo inakatwa. Ataweka kompyuta. Kompyuta sebuleni, iunganishwe na televisheni, na spika.

Nikamuuliza, na tamthilia yangu je. Akasema, "Utazoea."

Akaenda kulala. Mama Jeni alikuwa bado hajabeba kigoda chake. Aibu.

Alhamisi, 5 Julai

Nimerudi kutoka shuleni nimekuta sebule imegeuzwa karakana. Fundi, mtu mzima mwenye kitambi, amelala chali nyuma ya kabati, miguu ndiyo inaonekana. Sanduku jeusi la kompyuta aliachiwa Baba Doreen na mgeni mmoja, injinia mstaafu, tangu mwaka jana. Amelitunza ofisini kwao bila kuniambia. Fundi ameliwekea kadi ya kushika stesheni za hapa nchini kwa antena ya kawaida, na kifaa cha kulipatia pumzi kidogo umeme ukikatika. Spika tano. Mbili ziko nyuma ya kichwa changu nikikaa kwenye kiti changu.

Massawe mwenye kebo alikuja mwenyewe kukata waya. Alipanda ngazi, akakata, akaukunja begani taratibu kama mtu anayekusanya kamba ya mbuzi aliyekufa. Mimi na yeye tumetoka Rombo, tukasemezana kidogo kwa Kichaga. Wenzangu huwa wananitania kwamba mimi ni Mchaga niliyekimbia biashara nikaangukia chaki. Massawe hajakimbia. "Shemeji atarudi tu, dada," akaniambia. "Mpira ukianza atarudi."

Niliuliza kwa nini asinunue deki kama watu wengine. Baba Doreen anasema diski anazotumiwa na wageni zinagoma kwenye deki, zinataka kompyuta. Anazo nyingi. Wageni wakirudi kwao humtumia picha walizompiga, kama shukrani. Sikujua. Miaka yote hii alikuwa akiziweka wapi?

Jioni Mama Jeni amepita dirishani kwangu na kigoda chake. Anaelekea kwa mke wa mwenye duka la dawa, ambako kebo bado ipo. Akanipungia mkono. Nimeona wivu mpaka chai imenikwama.

Jumamosi, 7 Julai

Leo amenionyesha. Alinikalisha katikati ya sebule, sawasawa na spika, akafunga mapazia mchana kweupe. Sijamwona amechangamka hivi tangu Doreen alipofaulu kwenda sekondari ya bweni.

Ngorongoro. Gari linashuka kuta za kreta ndani ya ukungu. Nyumbu, pundamilia, simba mmoja mvivu. Sawa. Halafu akatokea yeye.

Shati la kaki nililolipiga pasi mimi. Kofia. Na anaongea. Mume wangu anaongea. Mikono inapaa, nyusi zinapanda. Anaigiza fisi anavyotembea, makalio chini, na wageni wanashika mbavu. Anafungua chupa ya kahawa, anammiminia mama mmoja, anamuuliza sukari vijiko vingapi. Mimi sijui kama anajua vyangu ni vingapi.

Alikuwa ananitazama pembeni aone kama nimefurahi. Nikasema picha zinaonekana vizuri. Nikatoka kuangalia kama nguo zimekauka, kwa ukungu huu.

Simjui yule mwanaume. Nampigia pasi tu.

Jumapili, 8 Julai

Ameondoka alfajiri. Serengeti kwanza, kreta mwisho, kisha nyumbani. Aliniambia nisizime kompyuta kwa kuchomoa waya. Ndiyo kwaheri yenyewe.

Jumanne, 10 Julai

Mwalimu hashindwi na kitufe. Nimewasha mwenyewe. Diski ziko kwenye boksi la viatu chini ya kabati, nimechukua ya juu.

Anafungua mlango wa gari. Anaweka kigoda cha kukanyagia. Anampa mkono bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, "Polepole, mama, polepole." Anamfunika shuka ya Kimasai magotini. Anamwonyesha ndege na kungoja mpaka amwone. Bibi hamwoni. Anangoja tena. Mume wangu, ambaye nikichelewa kuchagua kitambaa dukani anatoka nje.

Nina wivu na magoti ya bibi wa kizungu. Nimeshaandika, basi.

Nimeolewa hapa, nafundisha hapa. Watoto wa Karatu nimewafundisha kuchora ramani ya Ngorongoro, mimi mwenyewe kreta sijashuka. Mwaka mmoja shule ilipanga safari, basi likafia njia panda ya Oldeani. Tukala mikate yetu kando ya barabara, tukarudi kwa miguu tunaimba. Baba Doreen alicheka, akasema wanyama hawahami, nitakwenda tu siku moja. Sikuwahi kumkumbusha. Nilidhani kule ni vumbi na kazi. Sikujua ndiko anakoishi.

Jumatano, 11 Julai

Mama Jeni amekuja kunisimulia tamthilia. Daktari kapofuka. Nikajifanya sijali.

Nikamwonyesha kompyuta ili asidhani nimebaki na sanduku tu. Alikaa kwenye kochi, kigoda hakuja nacho. Alitazama, kisha akasema, "Kumbe shemeji ana meno mazuri hivi."

Nimezima. Nimesema umeme hautoshi.

Alhamisi, 12 Julai

Leo nimechukua diski ya chini kabisa ya boksi, imeandikwa juu kwa kalamu ya buluu, herufi za kulala. Wanaongea Kijerumani. Najua Baba Doreen amejifunza Kijerumani, kwenye gari, kwa kaseti na vijitabu walivyomwachia wageni. Sikujua kama amekijua kiasi hiki. Kinamtoka bila kukwama.

Wamekaa kwenye majani karibu na bwawa la viboko, wanakula chakula cha mchana, mwewe wanazunguka juu wawapore mapaja ya kuku. Anayeshika kamera ni mwanamke. Haonekani, anasikika. Sauti nzito, ya kucheka chini chini. Anamwita Boni. Mimi hata siku ya harusi sikumwita Boni.

Anamuuliza kitu. Baba Doreen anaanza kueleza, anaeleza muda mrefu, wageni wanacheka. Mwanamke anamuuliza tena. Hapo picha ikaanguka. Ni kama aliishusha kamera mapajani akasahau kuizima. Picha imelala ubavu: majani, buti, na bega la mume wangu. Sauti yake imeshuka. Anaendelea kuongea.

Kisha mkono ukaja juu ya bega lake. Mkono wa kike, una pete na madoa ya jua. Ukakaa. Yeye hakusogea.

Nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni, nimeigusa kwa kidole, pale penye mkono. Umeme ukakatika. Kile kifaa kikapiga kelele kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Nikakiacha kipige.

Ijumaa, 13 Julai

Sikulala. Darasani nimesema sita mara saba ni hamsini na nne, darasa zima likaitikia. Hakuna hata mmoja aliyenipinga. Hilo nalo limeniudhi.

Jumamosi, 14 Julai

Umeme umerudi asubuhi. Nimeitazama tena diski ya buluu. Kwanza niliuangalia mkono. Nikarudisha, nikauangalia uso wake kabla picha haijaanguka, nikitafuta dalili. Nikarudisha tena, nikafumba macho, maana macho yalikuwa yanawasha, nikasikiliza maneno nisiyoyaelewa.

Ndipo nikasikia. Manka.

Nikarudisha. Manka. Mbele kidogo tena Manka, na wageni wanacheka. Na mwisho, picha ikiwa imelala kwenye majani: Mama Manka.

Mama Manka ni mimi.

Nilitoka nje nikafua mashuka yaliyokuwa masafi.

Sasa naandika, maana hata humu sijawahi. Manka alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Nilimpa jina la mama yangu. Homa ilimchukua ghafla, akiwa bado anaita televisheni ya jirani "sinema ya ndani". Baba yake alikuwa safarini. Alifika jioni na sare za kazi, kesho yake akashika koleo kaburini pamoja na wanaume wengine. Hakulia. Mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Endabash, akakaa nasi. Alisema kwa mila ya Wairaqw nyumba iliyofiwa na mtoto inakaa metimani, inatengwa: hamwendi kwa watu, watu hawaji kwenu, mpaka wazee waseme basi. Sisi ni Wakristo, padri alikuja, lakini bibi alishika lake. Na jina la marehemu lisitajwe ndani. Nikamtii, nilikuwa mgeni kwao na sikuwa na nguvu ya kubishana.

Wazee wakasema basi. Mume wangu akarudi kwenye gari. Jina halikurudi. Doreen alipozaliwa watu wakaanza kuniita Mama Doreen, kama mgonjwa anavyohamishwa kitanda.

Nilijua amesahau. Miaka kumi na nne nimelala pembeni ya mtu nikijua amesahau. Sikuwahi kumuuliza, maana nilijua jibu.

Na sasa namsikia anamtaja kwa wageni, katikati ya mapaja ya kuku, na wanacheka. Anawachekesha kwa mtoto wangu. Huku bega limeshikwa.

Jumapili, 15 Julai

Ningemwita Pius, dereva mwenzake, anajua Kijerumani. Lakini Pius akijua leo, kesho Karatu nzima inajua, na Mang'ola wanapelekewa na malori ya vitunguu.

Baada ya misa nimemsubiri Sista Amedea wa zahanati ya misheni. Alisomea uuguzi Ujerumani. Nimemwambia ninayo picha, nataka maneno yake. Akanitazama kidogo. "Nitakuja keshokutwa, Mwalimu. Nipikie chai ya tangawizi."

Jumatatu, 16 Julai

Nimefikiria mambo mengi ya kumfanyia akirudi. Mengine siyaandiki.

Nimeanza kumwona yule mwanamke hata asipokuwepo. Ana nywele fupi. Ana pesa za kurudi kila mwaka. Anajua kitu kuhusu nyumba yangu ambacho Mama Jeni, anayejua hadi idadi ya sufuria zangu, hajui.

Jumanne, 17 Julai

Sista amekuja saa kumi, na sweta lake la kijivu na ndizi za konventi. Hakuniuliza kwa nini. Watawa wana huo ustaarabu.

Alisikiliza yote kwanza bila kunitafsiria. Mimi nilikuwa namwangalia yeye. Wageni walipocheka, naye akatabasamu. Nilimchukia. Kisha picha ikaanguka kwenye majani na Sista akavua miwani.

"Mwalimu, nikueleze yote au nifupishe?"

"Yote."

"Basi rudisha. Twende polepole."

Nikarudisha. Akawa ananiambia kipande kwa kipande, nikisimamisha na kuendesha.

"Huyu mama anamuuliza kama ana watoto. Anasema, nilikuwa na binti, aliitwa Manka. Nikirudi safari ananisubiri mlangoni. Hanisubiri mimi, anasubiri boksi langu la chakula, anajua nimembakizia yai. Analimenya mwenyewe. Anakula kiini, halafu ule weupe ananilisha mimi kwa nguvu. Ananiambia, baba kula, umekonda, simba watakudharau. Hapo ndipo wanapocheka, Mwalimu. Hawamcheki. Wanacheka kama tunavyofurahia watoto."

Naijua hiyo. Ilitokea mlangoni kwangu. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na mwiko mkononi. Nilidhani naikumbuka peke yangu.

"Mama anamuuliza, sasa atakuwa mkubwa? Anasema, angekuwa mkubwa." Sista akaniashiria niendeshe. Tukaangalia buti na majani. "Anasema, alikufa nikiwa hapa hapa kreta. Waliniita kwenye redio, tulikuwa tumeshashuka. Hapakuwa na dereva wa kunipokea. Niliwatembeza wageni mpaka jioni. Tuliona faru. Wageni walifurahi sana, walinishukuru, wakaniambia ni siku nzuri kuliko zote za safari yao. Anasema, yai la kwenye boksi sijalila tena."

"Na Mama Manka?" nikauliza. "Anasema nini kuhusu Mama Manka?"

Sista akanishika mkono. "Anasema, Mama Manka hajawahi kuniuliza lolote. Namshukuru. Angeniuliza ningevunjika."

Chai ilikuwa imepoa. Aliinywa hivyo hivyo, akanibariki, akaondoka.

Nimeshukuriwa. Kwa Kijerumani, mbele ya watu wasiojua hata Karatu iko upande gani. Nimeshukuriwa kwa kunyamaza, na mimi nilinyamaza kwa sababu nilidhani hana la kusema.

Na wivu haujaondoka. Nilitegemea utaondoka, umekua. Ningeomba awe mwanamke wake. Mwanamke ningemfuata nikamvua hereni, nikarudi nyumbani nimepumua. Huyu amepewa kitu changu. Nyumba hii, Doreen, shamba la Ganako, vyote tunavyo na watu wengine wana vyao. Ule msiba ndio uliokuwa wetu wawili tu. Amekwenda kuugawa pamoja na kahawa. Na mkono ule ulikaa mahali pa mkono wangu.

Jumatano, 18 Julai

Nimemwita Massawe arudishe kebo. Nilitaka Baba Doreen akirudi akute sanduku limefungwa kwenye gunia, na mimi nimekaa natazama daktari kipofu.

Massawe alikuja mbio, na waya na ngazi. Amepanda. Mimi nimesimama chini, nashika ngazi. Nikafikiri: kompyuta ikiondoka, na ile sauti inaondoka. Hakuna mahali pengine duniani jina la mtoto wangu limo kinywani mwa baba yake.

Nikamwambia ashuke.

"Dada, unaumwa?"

Nikamwambia ndiyo. Akaniangalia, akabeba ngazi yake. Mchaga hatembei bure, lakini leo ametembea.

Nimeisikiliza tena. Sasa sihitaji Sista. Hapa yai. Hapa faru. Hapa mimi.

Ijumaa, 20 Julai

Amerudi saa tisa, vumbi mpaka kwenye kope. Nimempa maji ya kuoga. Nimempa chakula. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa utulivu, nimepanga maneno kama somo.

Alipomaliza akawasha kompyuta mwenyewe, alikuwa na diski mpya mfukoni. Ya buluu ilikuwa bado imo ndani. Ikajifungua yenyewe. Sauti yake ikajaa sebule kutoka spika zote tano.

Alijua ni ipi kabla picha haijatokea. Niliona kwa mgongo wake.

"Sista Amedea alikuja," nikasema. "Amenitafsiria."

Hakugeuka. Kwenye televisheni wageni walicheka. Akazima.

Utulivu niliokuwa nimeuandaa sikuuona tena. Nilisema vibaya. Nilimwambia yule mama mwenye pete ana bahati, anaijua nyumba yangu kuliko mimi. Nilimwambia nilimwosha mtoto mwenyewe na mama mkwe akiwa ameshika beseni, yeye akionyesha watu faru. Nilimwambia, "Mimi nilikuwepo. Kama ni kusema, niambie mimi."

Akafungua kinywa. Akasema, "Manka ali..." Basi. Kidevu kikaanza kutetemeka. Nilikuwa sijawahi kuona kidevu chake kinatetemeka. Akatoka nje akaanza kuosha gari la kampuni, kwa baridi ile, na kesho asubuhi lina zamu ya kuoshwa ofisini.

Alirudi na mikono ya shati imelowa. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Kwa Kiswahili siwezi, Mama Doreen. Kiswahili ndicho nilichokuwa naongea naye. Nikianza namsikia. Kwa kile cha wageni simsikii, ndiyo maana kinatoka."

Nimeosha vyombo. Tumelala mgongo kwa mgongo.

Jumamosi, 21 Julai

Hatujasemezana. Amefuta vumbi kwenye spika, moja moja. Mimi nimesahihisha madaftari yote, hata ya Jumatatu.

Nimejaribu kumwonea huruma. Imekuja kidogo. Wivu umekuja mwingi.

Jumapili, 22 Julai

Misa ya kwanza. Sista Amedea alinisalimia kama siku zote, hakuniuliza kitu. Ukungu umeondoka mchana, jua la kwanza la wiki nzima. Nimetoa ungo, nikakaa ngazi ya nyuma kuchambua maharage ya kesho. Akaja akakaa ngazi ya chini yangu. Akawa anaokota mawe niliyoyatupa.

Nikamwambia, "Sema hicho hicho cha wageni."

Akanitazama. "Hutaelewa."

"Nitakaa tu."

Nikadhani ataamka aende kwenye gari. Kisha akaanza, akitazama uzio. Hakuwa yule wa kwenye kompyuta. Mikono haikupaa, aliifungia katikati ya magoti. Maneno yalitoka machache machache, halafu yakaja mengi. Mara moja alicheka. Mara moja aliacha, akafuta uso kwa mkono wa shati, akaendelea. Haikuwa hadithi ile ya wageni, najua, ile nimeikariri. Hii ilikuwa ndefu zaidi na yai halikuwemo pale ninapopajua. Sikuelewa kitu isipokuwa jina. Lilipita mara nyingi. Kila lilipopita lilinichoma, na sikutaka liache kupita.

Yule mama bado ana kipande chake. Sitakipata. Nimeliwaza hilo nikiwa namsikiliza, na liliniuma, nikaliacha liume.

Niliweka mkono begani kwake. Bega lilikuwa la moto kwa jua. Nikauondoa baada ya muda, maana maharage hayachambuki kwa mkono mmoja na nilikuwa nataka aone nina kazi, asinigeukie.

Maharage yakaisha. Yeye alikuwa bado anaongea. Nikayarudisha kwenye ungo, yale yale niliyokwisha kuyachambua, nikaanza upya, asije akaona nimemaliza akanyamaza.